Kwa nini Simba ananiliza leo, na utotoni hakuniliza?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, nina miaka 36. Juzi niliwawekea wanangu ile katuni ya The Lion King. Mimi niliiona nikiwa na miaka saba hivi, kwa kanda ya video aliyotuletea mjomba kutoka Maskati. Kiingereza hatukukijua, tulikuwa tunajitungia maneno wenyewe, na tuliiangalia mpaka kanda ikachakaa. Sikumbuki kulia hata mara moja. Safari hii Mufasa, simba mfalme na baba wa mwanasimba Simba, alipokufa nililia mpaka nikatoka sebuleni. Mwanangu wa miaka mitano hakutoa hata chozi. Aliuliza tu, "Baba yake ataamka saa ngapi?" kisha akataka nimrudishie pale pa ngiri. Jambo jingine: nina hakika zamani Mufasa alimuaga Simba kwa maneno kabla ya kukata roho, na mdogo wangu naye anakumbuka hivyo. Safari hii sikuyaona. Wameyakata? Niongeze kwamba baba yangu alifariki nikiwa na miaka minane, sisi watoto tukaambiwa amesafiri. Siku anapelekwa hospitali nilikuwa nimemnunia kwa sababu ya viatu vya Idi. Je, nina tatizo? Na mtoto asiyelia ana tatizo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo matatu, na mwishoni ukapenyeza la nne kana kwamba ni la kupita tu. Nitafika huko.

Nianze na hayo maneno ya kuaga. Hakuna aliyeyakata. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1994, ikaongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff wa Disney. Ni kweli imeguswaguswa baadaye: mwaka 2002 ilirudishwa kwenye kumbi zenye skrini kubwa na baadhi ya picha zikachorwa upya, mwaka uliofuata ikatoka kwenye diski ikiwa na wimbo mmoja ulioongezwa, na mwaka 2019 ikatengenezwa nyingine kabisa yenye wanyama wanaofanana na wa kweli. Lakini kifo cha Mufasa kimebaki vilevile. Maneno yake ya mwisho akiwa hai anamwambia ndugu yake Scar, anamwomba amsaidie huku amening'inia kwenye mwamba. Simba anamkuta ameshakata roho. Hawakuagana.

Basi mliyatoa wapi? Umesema mwenyewe mlikuwa mnajitungia maneno, na naamini hilo ni jibu la kutosha kwa nusu ya swali lako. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu kuhusu kukumbuka. Aliwapa watu hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, ngeni kabisa kwao, kisha akawataka waisimulie baada ya muda, wengine baada ya miezi. Kila walipoirudia ilizidi kufanana na mambo ya kwao. Mtumbwi ukawa boti, mambo ya mizimu yakapungua au kupotea, na palipokuwa hapaeleweki wakapatia sababu. Hawakuwa wanadanganya. Kila mara tunapokumbuka tunajenga upya, na tunajengea vifaa tulivyo navyo siku hiyo. Wewe na mdogo wako mlikuwa na picha bila maneno, mkaweka maneno. Mwaka mmoja baadaye mkafiwa na baba ambaye hakuwaaga. Sishangai kabisa kwamba Mufasa wenu aliaga.

Tena hamkuyazua yote. Mufasa aliyekufa anazungumza na mwanawe, ila mbele sana: Simba ameshakuwa mkubwa, usiku, baba anatokea mawinguni na kumwambia akumbuke yeye ni nani. Ile sauti nzito ya James Earl Jones, mwigizaji aliyempa Mufasa sauti, hata mtoto asiyejua Kiingereza anaisikia kuwa ni ya mzazi anayeusia. Kumbukumbu imeyachukua maneno hayo na kuyarudisha pale yalipohitajika zaidi. Hilo hutokea mno kwa watu wawili waliokulia nyumba moja, kwa sababu kila mmoja humsimulia mwenzake na wote wawili wakaamini.

Sasa kulia kwako. Watu wengi huniambia, "Nimezeeka, moyo umelainika." Si hivyo. Juzi umeona filamu ambayo hukuwahi kuiona.

Fikiria ile sehemu ya korongoni. Simba anajizoeza kunguruma, anamngurumia kinyonga. Mwangwi unarudi. Changarawe zinaanza kurukaruka chini, halafu nyumbu wanamwagika kutoka ukingoni. Mafundi walitumia kompyuta kuwafanya nyumbu mamia wakimbie pamoja bila kuingiliana, na zile dakika chache ziliwachukua zaidi ya miaka miwili. Mtoto wa miaka saba anashikwa hapo, kwenye vumbi na kwato na pembe. Hofu yake yote inaishia kwenye swali moja, Simba atapona? Akipona, mtoto anashusha pumzi. Yanayofuata anayaangalia akiwa ameshatua mzigo.

Mtu mzima anaanza kuangalia pale mtoto anapopumzika. Vumbi linatua. Nyumbu mmoja aliyechelewa anapita mbio, kisha kimya. Simba anamkuta baba yake chini ya mti uliovunjika. Anamsukuma kwa kichwa. Anamvuta sikio. Anamwambia aamke waende nyumbani. Anakimbia kuita yeyote wa kusaidia, hakuna mtu, anarudi, anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake na kulala. Ukiwa umeshawahi kulea mtoto, unajua uzito wa mwili huo mdogo unapojibanza kwako usiku. Ukiwa umeshawahi kuzika, unajua na upande wa pili.

Halafu Scar anakuja. Ulipokuwa na miaka saba ulimwona akimfukuza Simba, basi. Hukumsikia. Juzi umemsikia kwa mara ya kwanza. Anamuuliza Simba amefanya nini. Mtoto anajitetea kwamba ilikuwa ajali, hakukusudia. Na Scar, kwa sauti ya upole kabisa, anamjibu kwamba bila shaka hakukusudia, hakuna anayekusudia mambo kama haya, lakini mfalme amekufa, na kama si Simba mwenyewe, mfalme angekuwa hai. Mama yako atasema nini? Kisha anamwambia akimbie, aende asirudi tena.

Nimezungumza na watoto wengi waliofiwa na wazazi, na kwangu mimi hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote katika filamu nzima, mabaya kuliko kule kumtupa Mufasa bondeni. Mtoto ameshaamini nusu kabla hajaambiwa. Scar amempa tu uthibitisho.

Muziki nao ulifanya kazi yake muda wote huo. Hans Zimmer, aliyetunga muziki wa filamu na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, alifiwa na baba yake akiwa mtoto, na amewahi kueleza kwamba alipokuwa anaitungia filamu hii alikuwa anamlilia baba huyo. Pale Simba anapojilaza chini ya mkono wa Mufasa, muziki ndio unaosema yote. Wewe na mdogo wako mliusikia huo tangu mwanzo, bila kuhitaji Kiingereza.

Kuna sehemu nyingine nataka uirudie, nayo haina kifo. Simba na rafiki yake Nala wameponea chupuchupu kwenye makaburi ya tembo. Mufasa anamrudisha Nala nyumbani pamoja na Zazu, ndege anayemtumikia mfalme, anabaki na mwanawe. Simba anamwendea baba, njiani mguu wake unatumbukia kwenye alama ya unyayo wa Mufasa, naye anasimama kuutazama mguu wake mdogo ndani ya ule mkubwa. Mtoto anayeangalia anaona jambo moja tu, sasa atachapwa. Anasubiri kofi. Mzazi anayeangalia anasikia kile Mufasa anachokiri baadaye kidogo: kwamba leo aliogopa, alidhani atampoteza. Simba anashangaa kusikia kumbe hata wafalme huogopa. Utotoni ulikuwa umesimama ndani ya unyayo pamoja na Simba. Juzi ulikuwa umesimama alipo Mufasa, na kutoka pale juu hofu ya baba inaonekana yote.

Na Sarabi, mama yake Simba. Nikiwauliza watu wazima walioirudia filamu hii nani amewashangaza, kina mama wengi hunitajia yeye, hali watoto hawakumbuki hata jina lake. Anapoteza mume na mtoto siku moja. Hapewi hata mwili wa mtoto wa kuuzika. Miaka inapita anaongoza majike kuwinda kwenye nchi iliyokauka, anamjibu Scar bila kuyumba, na Scar anampiga. Simba anaporudi, jambo la kwanza mama anafanya ni kumwita kwa jina la mumewe, kwa jinsi alivyofanana naye. Niseme pia kwamba wataalamu waliowachunguza simba wa Serengeti, kuanzia George Schaller miaka ya 1960, wametufundisha kwamba kundi la simba kwa hakika ni la majike: mama, binti, dada na shangazi hubaki pamoja, na madume huja, hutawala miaka michache, hufukuzwa na wengine. Dume jipya huua watoto waliopo. Kwa hiyo Scar anapoamuru Simba auawe, filamu iko karibu sana na ukweli wa mbuga, na inapomfanya Sarabi amsubiri mfalme wa kumwokoa, iko mbali nao.

Twende kwa mjukuu wangu wa miaka mitano. Hana tatizo lolote, na swali lake ni swali zuri mno.

Mwaka 1948 Maria Nagy alichapisha utafiti aliofanya kwa watoto wa Hungaria wa kati ya miaka mitatu na kumi, akawauliza kifo ni nini. Wadogo kabisa walikieleza kama usingizi au safari, jambo ambalo mtu anaweza kurudi. Mwaka 1984 Mark Speece na Sandor Brent walikusanya tafiti nyingi zilizofuata na kuonyesha kwamba mtoto hajifunzi kifo mara moja. Anajifunza vipande: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili umeacha kufanya kazi zote, kwamba kila kiumbe kitakufa. Watoto wengi huvikamilisha kati ya miaka mitano na saba. Wako yuko mlangoni. Ameuliza "saa ngapi" kwa sababu kwake kulala kuna saa ya kuamka. Na kurudi kwa ngiri si ukosefu wa huruma. Watoto huingia kwenye huzuni kama wanavyoingia baharini, wanachovya miguu, wanakimbia kurudi mchangani, wanarudi tena baadaye kidogo.

Ndiyo maana swali hilo utalisikia tena, pengine akiwa anaoga, pengine kwenye daladala mbele za watu. Usimnyamazishe. Mjibu kwa sentensi fupi: "Mufasa amekufa. Aliyekufa mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii baridi, hasikii maumivu, na haamki." Akiuliza tena kesho mjibu vilevile, kwa maneno yaleyale. Kama nyumbani kwenu mnasema amerudi kwa Mola wake, sema hivyo pia, lakini kisiwe kifuniko cha kuficha neno "amekufa". Epuka kabisa kumwambia mtoto wa umri huo kwamba marehemu amelala. Nimeona watoto wakikataa kulala wiki nzima baada ya msiba, na wazazi wanadhani ni mashetani.

Je, uendelee kumwonyesha? Ukiwa umekaa naye, sioni ubaya. Joanne Cantor, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto mbele ya televisheni, aligundua kwamba wadogo huogopa kinachoonekana kibaya, sura na mabadiliko ya sura, ilhali wakubwa huogopa kinachoweza kutokea kweli. Kwa hiyo mwanao mdogo anaweza kuogopa fisi na moto kuliko kifo chenyewe, na mkubwa wake anaweza kukaa kimya kumbe anawaza, "Na baba yangu je?" Mtoto mdogo akiogopa, maelezo hayamsaidii sana. Mpakate, punguza sauti, mpe maji, mnaweza kuizima. Yule mkubwa ndiye wa kuzungumza naye. Muulize tu, "Unadhani Simba alikuwa na kosa?" halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Nimefika kwenye lile la nne.

Umeandika sentensi moja kuhusu viatu vya Idi na ukaendelea na habari nyingine. Mtoto wa miaka minane alinuna, baba akapelekwa hospitali, hakurudi, na watu wazima wakasema amesafiri. Nikuambie jinsi akili ya umri ule inavyofanya kazi. Mtoto anajiona ndiye kiini cha kila linalotokea. Mvua ikinyesha siku yake ya furaha, imenyesha kwa ajili yake, na baba akiondoka siku aliyonuniwa, ameondoka kwa sababu hiyo. Mtoto akiambiwa ukweli, watu wazima humwondolea mzigo huo kwa maneno machache: baba alikuwa na ugonjwa fulani, ugonjwa huo hauletwi na mtu kukasirika. Mtoto akiambiwa "amesafiri", hapewi sababu yoyote, na moyo usiopewa sababu hujitafutia. Iliyokuwa karibu yako ilikuwa viatu.

Hakuna aliyekuambia kwamba ni wewe. Hukuwa na Scar. Lakini ulibeba alichobeba Simba, na juzi, kwa mara ya kwanza, ulimsikia mtu mzima akimtwika mtoto mzigo huo kwa sauti, kwa maneno ambayo sasa unayaelewa. Ukatoka sebuleni. Mimi ningeshangaa kama usingetoka.

Angalia pia jinsi Simba anavyokaa miaka yote na ngiri na rafiki yake, anakula wadudu, anaimba, anacheka, na hamwambii mtu. Hata Nala akimbana, hasemi. Yule nyani mzee aitwaye Rafiki anampiga fimbo ya kichwa na kumfundisha kuhusu mambo yaliyopita, lakini naye hamuulizi kilichotokea. Anakiri mara moja tu, tena mbele ya mama yake na majike wote, kwa kulazimishwa na muuaji mwenyewe, na anaamini anachokiri. Katika filamu nzima hakuna mtu mzima hata mmoja anayekaa na mtoto yule na kumwambia, "Haikuwa wewe." Anakuja kujua tu kwa sababu Scar anajigamba sikioni mwake. Hilo ndilo pengo kubwa la hadithi hii kwa mtu anayefanya kazi kama yangu, na kwa hiyo nalijaza mimi kwako. Kununa kwako hakukumuua baba yako, mwanangu. Hakukumchelewesha hospitali, hakukumwongezea ugonjwa. Kwa mzazi yeyote, mtoto kununa juu ya viatu vya Idi ni jambo la kawaida la juma lile. Wewe mwenyewe ni mama, unajua ni mara ngapi wako wamenuna na hujawahi kulihesabu.

Huna ugonjwa. Ungeniambia kwamba tangu siku ile hulali, huli, au unalia kila siku bila kupata nafuu kwa wiki kadhaa, ningekuomba uende hospitali ya mkoa ukaombe kuonana na mtu wa afya ya akili, na usione haya. Kwa hili ulilonieleza, nakuomba jambo moja tu. Nenda kwa mama yako, na kama mama hayupo basi kwa shangazi au mjomba aliyekuwepo wakati ule, umuulize baba aliugua nini. Uliza jina la ugonjwa, ulianza lini, daktari alisema nini, alizikwa saa ngapi na nani walimbeba. Uliza kama alisema chochote kuhusu ninyi watoto. Huenda hakusema, uwe tayari kwa hilo. Watu wazima wa siku zile walificha kwa kuwahurumia, na wengi wao wamekuwa wakisubiri kuulizwa.

Na usiende peke yako. Mchukue mdogo wako, maana naye anakumbuka Mufasa akiaga, na yeye hajaniandikia.